Baraza Yetu: Pango Lisilo na Zimwi



Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya jambo jingine kabisa, lakini dada yangu ndiye aliyenigeuza. Alinijia hapa nyumbani Kibaoni jioni moja baada ya Magharibi, hata kahawa hakuinywa, akaniambia, "Kaka, huyu mpwa wako ataka kwenda kufa Mahenge." Mpwa wangu huyo ni kijana wa miaka 17, wala si mjinga wala si mtukutu, chuoni alikuwa hodari, na shuleni hasemwi vibaya. Ila yeye na wenzake watatu waliona senema moja katika simu, na tangu siku hiyo wamenunua kamba ya mita 30, wameificha uvunguni, na wamehesabu siku zilizobaki mpaka likizo.

Nikamwita. Akaja, akanipa shikamoo kwa adabu zake zote, nami nikamwambia, "Kaa, unionyeshe hiyo senema." Alishangaa, maana alikuja amejitayarisha kwa maneno makali. Basi tukakaa barazani tukaitazama tangu mwanzo hata mwisho, mimi na miwani yangu na yeye akinishikia simu. Nawaelezeni haya makusudi, kwa kuwa wazazi wengi hukataza jambo wasilolitazama, na mtoto akishajua kuwa hukulitazama, maneno yako yote hupita sikio moja yakatokea la pili.

Senema yenyewe ni ya zamani, haina rangi. Jina lake ni *The Incredible Petrified World*, yaani ulimwengu wa ajabu uliogeuka jiwe. Ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na mtu aitwaye Jerry Warren, ambaye alikuwa mashuhuri kwa kutengeneza senema za kutisha kwa fedha kidogo mno, na kweli uchache wa fedha waonekana. Mna humo mzee John Carradine, aliyezoeleka katika senema za namna hiyo, naye ni profesa aliyebuni chombo cha chuma mfano wa kengele, cha kuwateremsha watu vilindini mwa bahari. Watu wanne wakaingia humo, wanaume wawili na wanawake wawili. Kamba ya chuma ikakatika. Walio juu wakawahesabu kuwa wamekwisha kufa. Kumbe wako hai. Wakatoka, wakaogelea, wakajikuta ndani ya mapango makubwa chini ya bahari, yana mwanga na yana hewa. (Mapango hayo yalipigwa picha nchi kavu, katika pango liitwalo Colossal Cave, karibu na mji wa Tucson, jimbo la Arizona.) Humo wakaona mifupa ya mtu, kisha wakakutana na mzee mwenye ndevu nyingi aliyeokoka merikebu yake ilipozama, naye amekaa humo miaka 14. Mzee akawaambia kuwa njia ya kutokea hakuna. Baadaye yabainika kuwa alimwua mwenziwe, na jicho lake sasa liko kwa mmoja wa wale wanawake. Mwisho wake mlima wa moto ulio humo watikisika, mawe yamwangukia mzee, na wale wanne waokolewa kwa chombo cha pili.

Zimwi hamna. Nilingoja zaidi ya saa nzima litokee, nikalikosa, na mpwa wangu akanicheka. Lakini kwa hilo hasa naisifu senema hii kuliko nyingi nilizozisikia, maana kitishacho humo ni binadamu aliyekaa gizani mno bila wenziwe. Mambo ya huyo mzee na wale wanawake si ya kutazamwa na watoto wadogo, na kwa wakubwa nayo si ya kuyaona mara mbili. Hata hivyo silo lililonifanya nisimamishe simu.

Nilisimamisha simu pale mzee yule alipowaeleza kwa nini wanaweza kuvuta pumzi humo chini. Alisema hewa yote yatoka katika mlima wa moto.

Nikamwuliza mpwa wangu, "Wewe umelisadiki hili?" Akasema, "Mjomba, ni senema tu." Nikamwambia, "Mimi nakuuliza kwa sababu una kamba uvunguni."

Wasomaji wangu, neno hili la hewa ya mlima wa moto lina majibu yake katika lugha yetu wenyewe. Mashariki ya Kongo, katika mji wa Goma na kandokando ya ziwa Kivu, ndugu zetu wanaishi chini ya mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ambao ulimwaga moto mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Watu wa huko wana neno *mazuku*. Ni mabonde madogo na mashimo katika mawe yaliyoganda, ambamo mtu au mnyama huingia akaanguka akafa pasipo jeraha wala alama. Ni hewa itokayo chini ya ardhi, kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni kama maji yanavyotulia katika bakuli. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa haupo na jua halijatoka, huzidi. Upepo ukivuma hupungua, na mtu apitaye adhuhuri aweza kuona pahala pazuri pa kupumzika. Wataalamu wa milima ya moto wa dunia nzima, walipotaka jina la jambo hili, waliliazima neno hilohilo la watu wa Kivu, na leo laandikwa katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa kama lilivyo. Na kule Cameroon, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya namna hiyohiyo ilipanda kutoka ziwa Nyos ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 usingizini mwao.

Basi mzee wa senema na watu wa Goma wanashuhudia mambo mawili kinyume, na mimi nawaamini watu wa Goma.

Mpwa wangu ni mtu wa hoja. Alinijibu kuwa pango si jambo baya, kwani vijana wa Kahf walikaa pangoni na Mwenyezi Mungu akawahifadhi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alijificha pango la Thaur pamoja na Abubakar siku tatu. Nilifurahi kwa kuwa chuo hakikupotea bure. Lakini nilimwambia, hao wote waliingia wakikimbia udhalimu, wala hakuna hata mmoja aliyetafuta kijiwe cha kuuza. Kisha nikamwambia aisome tena Surat al-Kahf pale ilipoeleza jua likipita pande mbili za pango, na nafasi waliyokuwa nayo wale vijana. Pango lile lilikuwa pana, na mlango wake hauko mbali na mwanga na upepo. Mashimo ya Mahenge yana mdomo juu na tumbo chini, kama mtungi.

Naona yafaa niwaeleze wasomaji walio mbali na bonde letu habari ya Mahenge. Ni mji wa milimani, kusini ya Ifakara, wilaya ya Ulanga. Katika mawe yake meupe ya marumaru hupatikana vito vyekundu, rubi na spineli. Mwaka 2007, mahali paitwapo Ipanko, zilitolewa spineli kubwa za ajabu, moja yake ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50, na sifa yake ikafika katika masoko ya vito ya Bangkok na Ulaya. Tangu hapo kila kijana wa Kilombero ana jamaa ambaye ana rafiki aliyetajirika Mahenge. Aliyetajirika mwenyewe haonekani, lakini habari zake huonekana kila mahali. Na zamani mto wenyewe ulikuwa mlinzi, maana kivuko kilichelewa, na mtu akingoja sana hupata akili. Lakini daraja la Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na sasa kijana huondoka asubuhi na kabla ya adhuhuri yuko huko. Namshukuru aliyelijenga, ila mama wa vijana wana hesabu nyingine.

Wachimbaji wenye leseni wana wasimamizi, wana mitambo ya kupeleka hewa, na wanajua kazi yao. Wanaonitia hofu ni vijana wanaotaka kuyaingia mashimo yaliyoachwa. Shimo lililoachwa halina mwenyewe wa kukuambia lina nini. Miti iliyolishikilia imeoza, na kuoza huko hula oksijeni. Moshi wa baruti hukaa chini. Kama kuna mtu aliyewasha humo pampu ya petroli ili kuvuta maji, imeacha hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ile iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Hewa tunayoivuta hapa barazani ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Ikishuka chini ya 10, mtu huanguka kwa muda mfupi, wala hapati onyo; pua haina habari, koo halikabwi, magoti ndiyo hujua kwanza.

Kijana alisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Aliniuliza, "Mjomba, je, mwenzangu akianguka shimoni, na mimi niko juu namwona, nimwache?"

Nilinyamaza kidogo. Kwani kijana aliyelelewa vizuri hawezi kujibiwa "ndiyo, mwache." Tumewafundisha wenyewe kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Na katika senema ile, kama katika senema zote, shujaa ni yule anayeshuka.

Lakini hili ndilo zimwi lenyewe, ndugu zangu, na lina njia yake ya kula. Mtu wa kwanza hushuka akaanguka. Wa pili, kwa huruma, huruka nyuma yake bila kufikiri, naye akaanguka juu yake. Wa tatu huwaona wawili wamelala kama waliolala usingizi, naye hushuka. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi ilipokusanya habari za vifo vya namna hii miaka ya 1980, iliona kuwa zaidi ya nusu ya waliokufa ni wale waliokwenda kuokoa. Hewa mbaya humvua samaki wa kwanza kwa tamaa au kwa kazi yake, na wote wanaofuata huwavua kwa wema wao.

Wala msidhani haya ni ya Mahenge peke yake. Nyumba zetu za hapa bondeni zina visima vilivyofunikwa miaka, zina mashimo ya vyoo yanayozibuliwa, na kuna maghala ya nafaka yaliyofungwa sana. Baba wa nyumba amtumaye kijana kuingia kisimani kutoa ndoo iliyodondoka, naye amtuma pangoni vilevile.

Nilimjibu hivi. Kama unampenda mwenzako, mfunge kamba kifuani kabla hajashuka, na mwisho wa kamba ushikwe na watu wawili walio juu, wasiotoka hapo hata kwa kunywa maji. Akianguka, mtamvuta. Kama hamkumfunga, basi mliokwisha kumwacha mlimwacha asubuhi, si wakati alipoanguka. Akiwa chini bila kamba, piga kelele, waite watu wa migodi wenye vifaa vya hewa, lete upepo shimoni kwa kila njia uliyo nayo, lakini mguu wako usiingie. Ukiingia, mama wawili watalia badala ya mmoja, na yeye hukumfaa kitu.

Akaniuliza juu ya mshumaa, maana wazee husema teremsha taa kwanza. Ni kweli, nayo ni hekima: taa huzimika oksijeni ikishuka kama kwenye sehemu 16, yaani kabla ya mtu kuanguka. Lakini taa haiioni ile sumu ya moshi wa pampu. Yaweza kuwaka vizuri kabisa pembeni ya mtu anayekufa. Na pahala penye hewa iwakayo, taa yenyewe ndiyo balaa. Taa ikizimika, ujue usiingie. Isipozimika, bado hujajua.

Tulizungumza na mambo mengine, nami nayapitisha upesi. Aliniambia kuwa mapango ya Amboni, kule Tanga, yafika mpaka Mombasa, na kwamba kuna mbwa aliyeingia huku akatokea huko. Habari hiyo niliisikia nikiwa mdogo kuliko yeye. Mapango ya Amboni ni makubwa na ni ya kutembelewa, tena kuna waongozaji. Lakini yalipopimwa mwaka 1994, lililo refu kuliko yote halikutimia hata kilomita moja. Hakupenda kusikia. Nami nakiri, sikupenda kumwambia.

La popo ni zito zaidi. Katika pango la Kitum, mlima Elgon upande wa Kenya, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, waliingia wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine, kijana wa miaka 15, mwaka 1987. Wote wawili wakafa kwa ugonjwa wa Marburg. Uganda, katika pango la chatu lililo msitu wa Maramagambo, mtalii mmoja aliambukizwa mwaka 2007 akapona, na mwingine mwaka 2008 akafa. Wataalamu wakaona kuwa virusi vyakaa katika popo wala matunda wanaolala mapangoni, nao popo wenyewe hawaumwi. Na ugonjwa huu si wa mbali tena, kwani uliingia Kagera mwaka 2023 ukaua watu 6, na ukarudi mkoani humo, wilaya ya Biharamulo, mwanzo wa mwaka 2025, ukachukua watu 10. Sisi wa Ifakara tungekuwa wa mwisho kuhitaji kufundishwa kuwa kiuacho ni kidogo kisichoonekana. Tangu mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara yake hapa, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, watu wamekuwa wakikamata mbu mjini kwetu na kuwahesabu mmoja mmoja, na wageni wakija hutuuliza kama hatuna kazi nyingine.

Dada yangu alitaka niitie moto ile kamba. Sikufanya hivyo, na nadhani hajanisamehe bado. Kijana wa miaka 17 ukimchomea kamba atanunua nyingine, na hiyo ya pili hutaiona. Nilimwambia mpwa wangu: Mahenge mtakwenda, kwa kuwa ni nchi nzuri na yafaa mwione, mtafikia kwa ndugu yetu mmoja aliyefanya kazi mashimoni miaka mingi na sasa amestaafu, wala hamtakaribia shimo lolote pasipo yeye. Nikamfundisha fundo la kufunga kifuani, lisilokaza likivutwa. Tulilifanyia mazoezi hapo barazani, mimi nikiwa ndiye maiti, na majirani wakituchungulia uani.

Walikwenda likizo ilipofika. Siku ya pili yule ndugu yetu aliwapeleka kwenye shimo moja la zamani pembeni ya mlima, akafunga taa ya chemli kwenye ile kamba yao, akaiteremsha polepole mbele ya macho yao. Mpwa wangu ameniambia kuwa ilishuka kama kimo cha watu wawili, ikapungua mwanga, ikawa nyekundu, ikazimika. Juu hapakuwa na harufu yoyote, na upepo ulikuwa ukivuma, na ndege wakilia mitini. Yule ndugu yetu akaivuta, akaiwasha tena kwa kiberiti, akaiteremsha mara ya pili. Ikazimika palepale.

Walirudi Kibaoni siku ya nne. Senema ile imo bado katika simu, nami sikumwambia aifute. Kamba iko kwangu gharani, juu ya magunia ya mpunga, nayo ina fundo la kifuani ambalo hakuna aliyelifungua.